Binti ana miezi tisa, sindano ya surua, na friji ya zahanati niliyoitengeneza mwenyewe

Fundi_Baridi (Muheza)

Wakuu, salaam. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe, maana humu ukitaja chanjo tu watu wanagawana kama Simba na Yanga.

Mimi ni fundi friji. Za dukani, za buchani, za majumbani, mara mojamoja kiyoyozi. Mwezi wa tatu nilipigiwa simu na zahanati moja huku kwetu (siitaji, watu wa pale ni majirani), kwamba friji yao ya chanjo imegoma. Nikapanda bodaboda na begi langu, saa nne asubuhi niko pale. Nilipofungua mlango, hewa iliyonipiga usoni haikuwa ya friji, ilikuwa ya kabati la nguo. Kipimajoto kilichokuwa ndani kilisoma 17. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika kona ya chini, kidole changu kikapita chote. Kompresa ilikuwa ya moto huwezi kuigusa, imehangaika kupoza Muheza nzima. Nikauliza, umeme vipi? Wakasema ulikatika jana jioni ukarudi alfajiri. Basi nikabana mpira kwa gundi, nikasafisha mgongo wa friji, nikazungusha themostati mpaka namba ya mwisho ipoe haraka, nikalipwa, nikaondoka.

Ndani kulikuwa na viboksi vimepangwa vizuri kwenye rafu. Vilikwenda wapi sijui. Sikuuliza. Hilo ndilo linanisumbua, kwamba nilisimama pale nusu saa nzima na sikuuliza.

Sasa binti yangu ametimiza miezi tisa wiki iliyopita. Kadi ya kliniki inasema surua. Na zahanati yetu ndiyo ile ile.

Hilo moja. La pili ni mama mkwe. Mtoto alipokuwa na miezi saba alikuwa Pangani kwa bibi yake pamoja na mama yake. Usiku akapandisha homa, akakakamaa, macho yakageuka juu, povu mdomoni. Degedege. Bibi akamfukiza mavi ya tembo, ambayo anayo kwenye kopo miaka yote. Kulipokucha mke wangu akambeba hadi hospitali, wakamkuta na malaria kali, akalazwa siku nne, akarudi mzima anacheka. Tangu siku hiyo mama mkwe ameweka msimamo: mtoto aliyepitiwa na dege hachomwi sindano. Ukimchoma unamwita dege arudi, na akirudi haondoki peke yake.

Mnijue vizuri, sisi siyo watu wa kukataa chanjo. Huyu binti ana kovu lake la chanjo ya kifua kikuu bega la kulia, matone kanywa yote, mapaja yote mawili kachomwa wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Ila kwa hii moja nimekwama. Mke wangu ananiangalia mimi niamue, mimi namwangalia yeye, na wote wawili tunamkwepa bibi macho.

Nauliza: degedege ya zamani ina shida na sindano ya surua? Na mtu asiye daktari anajuaje kama dawa iliyomo kwenye kichupa imeharibika au la? Au nisubiri kwanza afikishe mwaka?

Mkaanga_Ubuyu

Mkuu swali lako zuri ila mimi nimeishia kwenye kopo la mavi ya tembo. Yanauzwa wapi?

Kisiki_cha_Mpingo

Achana na hayo mambo fundi. Mimi wanangu watatu, hakuna aliyechomwa kitu baada ya kuzaliwa, na wanapiga mpira mpaka giza linaingia. Jiulize kwa nini dawa ya malaria unanunua, panadoli unanunua, lakini chanjo wanakufuata nayo mpaka mlangoni bure. Cha bure kina mwenyewe.

Fundi_Baridi

@Kisiki sawa mzee, ila hoja yako haigusi hata moja kati ya mbili nilizouliza. Mimi tatizo langu siyo waliotengeneza. Mimi tatizo langu ni mpira wa mlango.

Nesi_wa_Zamu (Singida)

Fundi, nimefanya kliniki ya watoto miaka kumi na moja, na nimecheka peke yangu hapa zamu ya usiku, maana wewe ni mzazi wa kwanza kuniuliza habari za friji. Wengine wote wananiuliza kama sindano inauma.

Naanza na kichupa. Kila kichupa cha chanjo zetu kina alama ndogo, kiduara cha zambarau chenye kimraba ndani yake. Kimraba kinaanza kikiwa cheupe, na kadiri chanjo inavyokula joto kinaongeza weusi, na hakirudi nyuma hata ukikirudisha kwenye barafu. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, tumia. Kikifanana na duara au kikizidi, tupa. Kwa hiyo ule usiku wa nyuzi 17 umeandikwa kwenye kila kichupa, hata kama nesi amesahau kuuandika kwenye daftari.

Halafu sikiliza hili, linahusu surua hasa. Surua ni ungaunga, inachanganywa na maji yake pale pale. Alama yake huwa imekaa kwenye kifuniko au shingoni. Ukishafungua, kifuniko kinakwenda kwenye takataka na alama yako imekwenda nayo. Kwa hiyo omba kuonyeshwa KABLA hajafungua. Siyo dharau. Nesi anayejua kazi yake atakuonyesha, na pengine ataringa. Ikishachanganywa haina tena ujanja: saa sita tu, kisha inamwagwa hata kama imebaki nusu.

Hiyo ndiyo sababu kina mama wanarudishwa nyumbani na kuona wanaonewa. Kichupa kimoja ni cha watoto kumi. Ukifika peke yako Jumanne, nesi akikufungulia wewe, wale tisa dozi zao zinamwagwa. Sisi tunatakiwa tufungue hata kwa mtoto mmoja, nasema ukweli, lakini vituo vingi vinapanga siku ya surua ili watoto wakusanyike. Uliza siku yao.

Na sasa nakugeukia wewe. Umeandika umezungusha themostati mpaka namba ya mwisho. Fundi!! Chanjo inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Surua yenyewe ikiganda haifi. Lakini ile ya mapajani, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo ile ya bakteria wa Hib, ikiganda imekwisha. Ile ya nimonia vilevile. Na kimraba HAKIONYESHI kuganda, kinaonyesha joto tu. Tukishuku tunagandisha kichupa kimoja kwa makusudi, tunakiyeyusha, kisha tunakitikisa sambamba na tunachokishuku, tunatazama kipi kinatuama upesi. Wewe ulikwenda kutibu joto ukaacha barafu. Natumaini kuna mtu alipita nyuma yako.

Degedege. Mwambie mama kwa adabu, na usimwambie amekosea, mwambie hivi: yule mtoto alipofika hospitali na malaria kali, alitibiwa kwa dawa gani? Dawa ya malaria kali ni sindano. Alichomwa akiwa ametoka kwenye degedege asubuhi ile ile, na ndizo zilizomrudisha kwako anacheka. Hofu ya mama haikuanzia hewani. Zamani mtoto alifikishwa hospitali siku ya tatu, amefukizwa, ameogeshwa, amechoka, anachomwa sindano na anakufa mikononi mwa nesi. Watu wanakumbuka kilichotangulia kifo, na kilichotangulia kifo ni sindano.

Degedege iliyoletwa na homa ya malaria haizuii chanjo ya surua. Lakini mwambie nesi historia yote. Na ujue kalenda yake: homa ya chanjo ya surua haiji usiku ule ule kama ile ya mapajani. Inakuja kati ya siku ya 7 na ya 12, pengine na vipele vichache. Wewe una mtoto aliyewahi kukakamaa kwa homa, kwa hiyo siku hizo msisafiri. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, nguo nyepesi, na homa ikizidi au ikikaa mpelekeni akapimwe na malaria, maana malaria haiangalii kama ulichanja juzi. Akikakamaa mlaze ubavu, msitie kijiko wala kidole mdomoni, nendeni hospitali.

Kusubiri mwaka? Tisa imewekwa kwa hesabu. Kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni inakuwa imekwisha au inakaribia, na surua huku kwetu haingoji. Dozi ya pili ni miezi 18, na hiyo watu wanaisahau kuliko zote kwa sababu mtoto ameshatembea na kadi imeshapotea.

Bosi_Mdogo

Si umpeleke hospitali ya kulipia pale Tanga mjini ukaachana na hizo zahanati? Afya ya mtoto haina bei.

Nesi_wa_Zamu (Singida)

@Bosi nauli yake tu. Chanjo za watoto za kwenye kadi zinatoka stoo ile ile ya wilaya, za serikali na za binafsi. Utakaa kwenye kiti kizuri zaidi.

MamaPacha_Kilifi

Hamjambo nyote. Sisi huku Kenya surua tunaiita ukambi, na kovu letu liko mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kwa hivyo Fundi ukiona mtu hana kovu begani usidhani hakuchanjwa, pengine ni jirani.

Nataka kusema kuhusu kuamua, kwa sababu mimi niliamua vibaya. Mwaka wa 2014 maaskofu wetu Wakatoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa akina mama, wakisema imetiwa kitu cha kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakana. Mwaka uliofuata, Agosti 2015, maaskofu wakawaambia waumini wasusie kampeni ya polio mpaka dawa ipimwe. Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya. Pacha wangu walikuwa na mwaka na nusu. Wale wahudumu wa matone walipobisha hodi nilifunga mlango nikakaa sakafuni na watoto mdomo nimewaziba, kama mtu mwenye deni la duka.

Kilichonitoa hapo si mhadhara. Ni jirani yangu Mwislamu, mama wa makamo, anavuta mguu tangu utotoni. Hakuniambia lolote. Alikuja tu jioni kuazima ungo, akavuka uwanja wangu na ule mguu, polepole, akachukua ungo, akarudi. Siku ya pili nikawabeba pacha mwenyewe mpaka kituoni. Nilipomweleza baba watoto alisema, kumbe ulikuwa hujawapeleka? Yeye alidhani mambo hayo yalishakwisha. Fundi, angalau nyumbani kwako mnaangaliana.

Kisiki_cha_Mpingo

Hadithi za majirani. Wangu wazima.

Mzee_Bagamoyo

Kijana Kisiki, wako wazima kwa sababu wa jirani zako wamechanjwa. Umekaa katikati ya nyumba za mabati unajisifu kuwa makuti yako hayajashika moto.

Mimi ni mtu wa zamani. Mwaka 1971 surua iliingia kwetu, tulikuwa watoto sita nyumbani. Tuliwekwa chumba kimoja, dirisha limezibwa kanga, hatuogi, tunapewa uji. Mdogo wangu wa kike alizikwa siku ya tano. Mdogo wangu mwingine alipona, lakini jicho la kushoto lilibaki na ukungu mweupe kama utando wa maziwa yaliyopoa, na wala hakusema kuwa haoni. Tuligundua alipokuwa anavuka barabara huku amegeuza kichwa kizima, kama kuku. Ana miaka sitini na ushei sasa, bado anageuza kichwa.

Halafu mnasema watu wanaogopa sindano kwa ujinga. Mnamjua Ali Maow Maalin? Msomali wa Merca, mpishi wa hospitali. Hospitali! Mwaka 1977 wakati wa kampeni ya ndui yeye alikwepa, kisa aliona sindano inauma. Oktoba ile ile gari likaja na watoto wawili wagonjwa wa ndui, likauliza njia ya kambi ya karantini, akapanda kuwaelekeza. Mwendo wa dakika chache tu. Akaugua. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, akapona. Baadaye akawa anazunguka Somalia na watu wa polio, akiwaambia kina mama kilichompata kwa kukimbia sindano. Alifariki 2013 kwa malaria, akiwa kazini hukohuko. Mtu anayefanya kazi hospitali aliogopa, sembuse bibi wa Pangani.

Fundi_Baridi

Wakuu, narudisha mrejesho. Nimechelewa, wiki tatu sasa.

Kwanza bibi. Sikumpigia simu, nilimfuata Pangani mwenyewe, nikamchukulia sukari na kanga. Nikamwambia yale ya sindano za malaria kama Nesi alivyonielekeza. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Zile hamkuniambia." Kweli hatukumwambia, maana siku zile nne yeye alibaki nyumbani na kopo lake. Akasema atakuja kukaa nasi siku za homa, kwa sharti amfunge mtoto kitambaa cheusi mkononi. Nikasema mfunge, mama.

Jumanne tukaenda. Tukarudishwa. "Surua Alhamisi." Zamani ningetukana njiani kote. Alhamisi tukakuta watoto saba. Nesi wa pale ni dada mmoja mfupi, mkali, kalamu mbili kwenye nywele. Zamu yetu ilipofika nikasema, samahani dada, naomba nione alama kabla hujafungua. Benchi lote likanyamaza. Akanitazama, akasema, "Wewe si fundi?" Akakitoa kichupa kwenye kisanduku cha barafu, akakiweka karibu na macho yangu. Kile kimraba ni kidogo, kama nusu ya punje ya mchele, nami nimezoea nati. Kilikuwa cheupe kabisa. Akina mama wawili nyuma yangu nao wakataka kuona, akawaonyesha. Akachanganya, akachoma, binti akapiga kelele moja tu kisha akataka ile kalamu ya kichwani.

Nikamuuliza ndipo lile nililopaswa kuuliza mwezi wa tatu. Vile viboksi? Akacheka. Vilikuwa vya maji ya kuchanganyia, ambayo hayahitaji friji mpaka karibu na kutumika. Chanjo zenyewe alikuwa amezitoa saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kuona kipimajoto, akazipakia kwenye kisanduku na kuzipeleka kwa bodaboda kituo cha afya cha tarafa, kwa nauli yake. Zilikuwa zimeondoka masaa manne kabla sijafika. Mimi nimekosa usingizi miezi miwili kwa ajili ya maji.

Homa ilikuja siku ya nane, kama Nesi wa Singida alivyosema. Nyuzi 38.6. Bibi alikaa naye mapajani usiku kucha, mke wangu anapima kila saa, mimi naulizia malaria (hakuna). Hakukakamaa. Siku ya kumi vipele vichache shingoni, siku ya kumi na moja anang'ang'ania chapati. Bibi kaondoka jana na kitambaa chake. Aliacha kauli moja tu mlangoni: ile ya miezi 18 aambiwe mapema, asije akasikia kwa watu.

Limebaki moja, nilikuwa naona aibu kuliandika. Alhamisi ile, nikisubiri, niliichungulia friji yangu. Themostati haiko namba ya mwisho niliyoiacha. Iko 3, na juu yake kuna plasta ya kidonda imebandikwa, imeandikwa kwa kalamu: USIGUSE. Nikamuuliza yule dada ni nani kaandika. Akasema, "Mimi. Jioni ile ile. Kuna fundi alipita hapa akaigeuza friza, nikakuta nyuzi tatu chini ya sifuri. Bahati chanjo hazikuwamo." Akaniambia akinitazama usoni, bila kupepesa.

Mpira wa mlango nimeagiza Tanga mjini, unakuja Jumatatu. Hela sichukui.